Daftari la Makosa

"Kwa hiyo hii mashine haikumbuki chochote?" Inspekta Odeta Kashindye aliuliza.

"Inakumbuka kilichoandikwa mwisho," Okumu alijibu. "Nani kaandika, saa ngapi, na kabla yake palikuwa na nini, hiyo haijui. Haikuambiwa ijue."

"Na wewe ndiye uliyeitengeneza."

"Ni mimi, Inspekta." Okumu alijikuna kisogo. "Niliambiwa nitengeneze ya haraka. Ya haraka ndiyo hiyo."

Walikuwa wamesimama katika chumba kilichokuwa stoo ya nyavu kabla kiwanda cha samaki cha Mawe Matatu hakijaingiwa na wazimu wa kompyuta. Seva ilikuwa pembeni, juu ya meza ya mbao, ikinguruma chini ya kiyoyozi ambacho wafanyakazi wote wa Ilemela wangekililia kwa joto lile. Nyaya zilitoka kwake kwenda kwenye kompyuta tatu: moja maabara, moja mapokezi, na moja hapo hapo chumbani kwa ajili ya Okumu, fundi wa miaka thelathini na ushee kutoka Shirati, mtu mwenye maneno machache na mashati mengi ya mitumba.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwaka huo wa 1999 kulikuwa na watu ziwani waliokuwa wakivua kwa sumu ya kuulia wadudu, na wanunuzi wa Ulaya walikuwa wamekuja juu. Kila shehena ya sangara iliyofika Mawe Matatu ilipimwa kabla ya kukatwa minofu, na majibu yakaandikwa kwenye ukurasa mmoja ambao kompyuta zote tatu ziliufungua: namba ya sampuli, mwalo (ufuko wa wavuvi) ilikotoka, kisha neno moja, SAFI au SUMU. Ikiwa SUMU, mzigo ulifukiwa na mwalo ukafungiwa wiki mbili. Ikiwa SAFI, minofu ilikwenda uwanja wa ndege, na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakauzwa kwa wachuuzi. Mapanki ya shehena moja ya mwalo wa Kabiga yalivuka na kivuko mpaka Sengerema, yakapikwa msibani. Watu kumi na wanne walilazwa. Wawili hawakutoka.

Kwenye ukurasa shehena ile ilisomeka SAFI, na aliyeipima alikuwa Teodora wa maabara. Teodora aliapa kwamba aliandika SUMU kwa vidole vyake mwenyewe. Karatasi ya kuthibitisha hakuwa nayo, kwa kuwa meneja alikuwa amefuta madaftari yote tangu Agosti na kumtangazia kila mgeni kwamba kiwanda chake hakina karatasi. Sasa Teodora alikuwa mahabusu kituoni, na mtoto wake wa miezi mitano aliletwa mara tatu kwa siku kunyonya, na bibi yake, aliyetoka Bujora kuja kukaa kwa ndugu mjini kwa kazi hiyo tu. Ijumaa asubuhi angesomewa shtaka la mauaji. Shtaka hilo halina dhamana. Baada ya hapo ni gereza la Butimba, yeye na kichanga chake.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na tano Novemba. Odeta, ambaye ndiye aliyemkamata Teodora na ndiye aliyepiga taipu hati ya mashtaka, alikuwa na siku nne za kujua kama alikamata mtu sahihi. Tangu amkamate alikuwa halali vizuri, na hilo halikumpendeza, maana alikuwa mtu wa kulala.

"Nisikilize, Okumu. Pale getini mlinzi wenu ana daftari. Nimeandika jina langu, ninakotoka, ninayekuja kumwona, saa niliyoingia. Nikitoka naandika saa ya kutoka. Mlinzi mwenye rungu anaweza kazi hiyo, mashine ya mamilioni imeshindwa?"

Okumu alicheka kidogo, kwa aibu. "Haijashindwa. Naweza kuiwekea daftari. Kila atakayeandika kitu, jina lake linaingia, na saa, na kompyuta aliyotumia, na neno lililokuwepo kabla."

"Leo?"

"Mpaka jioni."

"Na makosa? Mtu akiandika kitu mashine ikakataa?"

"Ikikataa inamwambia tu aandike upya. Hilo la nini, Inspekta?"

"Mlinzi mzuri anaandika mpaka aliyerudishwa getini. Iandike kila iliyemkatalia, na alichokuwa anataka kuandika, vile vile alivyokiandika. Usinisafishie."

Okumu alivuta kiti akaanza. Hakuwa amemaliza hata mstari wa tano mlango ulipofunguliwa taratibu, akaingia mzee mrefu mwenye kofia ya pama na suti ya kaunda iliyopauka, iliyopigwa pasi mpaka ikakatika kwenye mikunjo. Okumu alisimama papo hapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Kaa, kaa." Lakini alikuwa amekwishashika mgongo wa kiti, na Okumu alikuwa amekwishakiachia, na mzee akaketi kwa pumzi ndefu. "Miguu yangu hii. Nimekuja kuona magari ya leo ni mangapi. Nisomee, maana hiyo mitambo yenu mimi naiogopa."

Okumu alimsomea, akiwa ameinama pembeni yake. Ndivyo Odeta alivyomfahamu Mzee Machibya, karani mkuu wa mapokezi ya samaki, aliyewahi kuwa karani wa ushirika wa pamba kabla ushirika haujapunguza watu. Kiwanda kizima kilimwita Mzee. Alimuuliza Odeta habari za nyumbani, akataka kujua ni Kashindye wa wapi, akaridhika na jibu, akamwita mwanangu. Kisha akasema jambo ambalo hakuna mwingine aliyelisema siku hiyo: "Yule binti Teodora hana kosa. Mtaona wenyewe mtamwachia." Odeta alimpenda hapo hapo.

Jioni daftari lilikuwa tayari. Okumu alimfungulia Odeta jina lake na neno la siri ili aweze kulisoma. Kwa kuwa alikuwa na haraka, alimpa ruhusa zote alizo nazo meneja.

"Ukishaingia, mashine inakujua ni wewe mpaka utakapojitoa," alimwambia. "Usisahau kujitoa."

"Hilo hata mlinzi wa getini ananiambia," Odeta alisema.

*

Jumanne saa tano asubuhi printa ilipiga kelele zake za kukereketa, ikatema karatasi yenye matundu pembeni. Odeta aliisoma akiwa amesimama. Kukaa kulikuwa kumemshinda tangu asubuhi. Alikuwa amezunguka kiwanda mara tatu na kunywa chai asizozitaka.

Mistari mingi ilikuwa ya kawaida. Mstari wa kumi na tisa haukuwa.

*16/11/1999, 10:12. Kompyuta: mapokezi. Jina: hellen. Sampuli 1181, Kabiga. Kabla: SUMU. Sasa: SAFI.*

"Huyo hapo," alisema meneja, Bwana Ngosha, mtu mnene aliyekuwa akipumulia begani kwake. "Hellen! Na mimi nilimpa kazi mwenyewe. Nakwambia Inspekta, siku hizi huwezi kumwamini mtu."

"Mzigo wenyewe uko wapi?"

"Unasubiri visu."

"Uzuie, na wowote mwingine wa Kabiga utakaokuja. Uweke chumba cha barafu, ufunguo ubaki mfukoni kwako. Usimwambie mtu, hata mkeo."

Kisha akaenda mapokezi. Hellen alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mwandikishaji wa magari, amesuka nywele vizuri na amevaa sweta kwa sababu ya barafu. Odeta alifunga mlango.

"Leo saa nne na dakika kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Uliandika nini kwenye sampuli ya Kabiga?"

"Sampuli? Mimi sigusi sampuli, Inspekta. Mimi ni magari tu."

"Jina lako limeandika SAFI."

Hellen alitoa macho. "Jina langu?"

"Kuna mtu anayejua neno lako la siri?"

"Hakuna."

"Uliondoka mezani?"

"Sikuondoka. Tangu saa mbili niko hapa. Muulize mtu yeyote."

"Kuna mtu aliyekaa kwenye kiti chako?"

"Hakuna mtu." Alisema haraka, bila kupepesa macho, kisha machozi yakamjaa. "Inspekta, wallahi sijafanya. Mnataka kunifunga na mimi kama Teodora?"

Odeta alikuwa amehoji waongo wengi, wezi wa ng'ombe, matapeli wa tiketi za meli, na mchungaji mmoja. Msichana huyu hakudanganya, lakini karatasi nayo ilisema vingine. Hicho ndicho kilichomtia kiwewe. Angekuwa na uhakika kwamba mmoja wao ni mwongo angelala usiku huo.

Alimpigia simu bosi wake, Afande Chenge, akamweleza kwamba jibu lingine limebadilishwa, na Teodora akiwa mahabusu.

"Basi wako wawili," Chenge alisema. "Mlete na huyo Hellen."

"Nipe muda, afande."

"Ninao mpaka kesho kutwa, na wewe unao huo huo. Ijumaa mahakama haisubiri mtu."

Chumbani kwa seva Okumu alikuwa ameshika tama mbele ya karatasi ya pili.

"Hilo ni daftari la makosa?" Odeta aliuliza.

"Ni makosa yangu mwenyewe. Programu ina ugonjwa." Aligonga mstari mmoja kwa kalamu. "Tazama. Saa nne na dakika kumi na moja mtu kaandika sampuli 1181, mashine ikamjibu kwamba hiyo si namba. Sasa 1181 si namba, ni nini? Akaandika tena, ikakubali. Nimejaribu mwenyewe mara hamsini, inakubali. Naona haya, Inspekta. Ngoja nifute nianze upya."

"Usifute kitu."

"Ni takataka tu."

"Takataka zangu. Usifute."

*

Jumatano Odeta alifika kiwandani kabla mlinzi hajafungua ukurasa mpya wa daftari lake. Aliingia kwenye kompyuta ya Okumu kwa jina lake mwenyewe, akakaa kuyatazama majibu yakiingia moja moja, kama mwanamke anayechunga maziwa jikoni yasifurike. Okumu alikuwa sakafuni na bisibisi, amefungua tumbo la seva, akiendelea kuitafuta ile hitilafu. Saa nne na robo maabara iliandika: sampuli 1191, Kabiga, SUMU. Odeta alilitazama neno lile mpaka macho yakamuuma.

Saa nne na nusu Mzee Machibya aliingia kuuliza magari. Odeta aliinuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje na kazi hii ya mateso?"

"Nahangaika tu, mzee. Karibu kiti."

Mzee aliketi, akavua kofia, akaiweka gotini. Aliulizia habari za Teodora. Alipoambiwa mtoto analia sana pale kituoni, alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Muda huo Hellen akachungulia mlangoni, macho mekundu. "Inspekta, simu yako, kutoka kituoni. Iko ofisini kwa meneja." Odeta akatoka mbio.

Alikuwa Chenge, akiuliza mambo yale yale. Karani wa meneja aliandika simu hiyo kwenye daftari la simu, kama alivyoandika kila simu iliyoingia: kuanza saa 10:37, kumaliza saa 10:46. Odeta aliporudi Mzee alikuwa amekwishaondoka, kiti kilikuwa wazi, na Okumu bado alikuwa na kichwa ndani ya seva. Odeta alitazama kioo cha kompyuta.

Sampuli 1191, Kabiga. SAFI.

"Okumu! Chapisha daftari. Sasa hivi!"

Printa ilikereketa. Okumu aliikata karatasi, akaisoma, akamtazama Odeta, kisha akaisoma tena. Hakuwa na haraka ya kumpa.

"Lete."

"Inspekta, mimi najua hukufanya."

Aliinyakua mkononi mwake.

*17/11/1999, 10:41. Kompyuta: fundi. Jina: odeta. Sampuli 1191, Kabiga. Kabla: SUMU. Sasa: SAFI.*

Odeta alikaa kitini. Akahisi kile alichokihisi Hellen jana, na Teodora siku nane zilizopita: jina lako limeandikwa, saa yako imeandikwa, na unachojua wewe hakina thamani ya senti. Aliona aibu, na baada ya aibu akapandwa na hasira.

"Makosa," alisema. "Nipe na karatasi ya makosa."

Kosa lilikuwa moja. Saa 10:40, dakika moja kabla, kwa jina la odeta, mashine ilikuwa imekataa namba ya sampuli.

"Ugonjwa ule ule," Okumu alinung'unika. "Tazama, 1191, imekataa."

Odeta aliisogeza karatasi dirishani kwenye mwanga. Kisha akaomba na ya Jumanne, akaziweka pamoja. Tarehe ya juu ilikuwa na moja zake, zilizochapwa na mashine, kila moja ina kidomo kidogo juu na kikanyagio chini. Katika namba ya sampuli hazikuwa hivyo. Zilisimama wima, vijiti vitupu.

"Hizi si moja," alisema.

"Ni nini?"

"Ni herufi. Ni ile eli ndogo. Mtu kaandika eli, eli, tisa, eli."

Okumu alibandika pua kwenye karatasi. Polepole uso ulimfunguka, maana mwanamume aliyekuwa ameteseka siku mbili alikuwa amegundua kwamba hana kosa. "Sasa nani mwenye akili timamu anaandika moja kwa herufi?"

Odeta alifungua mkoba wake, akatoa nakala ya hati ya mashtaka ya Teodora, aliyoipiga mwenyewe kituoni kwa taipureta ya chuma nzito kama jiwe la kusagia. Tarehe yake ilikuwa na vijiti vitupu mwanzo mpaka mwisho.

"Mimi," alisema. "Taipureta yetu haina kitufe cha moja. Zile za zamani nyingi hazina. Unafundishwa kupiga eli ndogo, na kidole kikishazoea hakisahau. Kituoni napiga hivyo kila siku."

Walitazamana. Kiyoyozi kilinguruma.

"Inspekta," Okumu alisema kwa sauti ya chini, "jina ni lako. Na kidole ni cha kwako."

"Najua."

"Wakili akiona..."

"Najua, Okumu! Lakini saa nne na dakika arobaini na moja nilikuwa kwenye simu, na daftari la simu linasema hivyo. Kwa hiyo ni mtu aliyekaa hapa baada yangu, naye alifundishwa taipu zamani." Alikuwa amelitaja neno lenyewe, na neno lilikuwa limemrudia. Aliyekaa hapa.

Alikwenda mapokezi kwa hatua ndefu. Hellen aliruka kitini alipomwona.

"Kaa. Jana nilikuuliza vibaya. Sasa niambie: jana asubuhi, saa nne na kitu, uliinuka kumpisha nani?"

"Kumpisha?" Hellen alifikiri. "Aa. Ni Mzee tu. Alikuja, nikamwamkia, nikampisha, nikaenda pale kwenye kabati kumtafutia orodha ya boti."

"Mbona ulisema hakuna mtu aliyekaa kwenye kiti chako?"

Msichana alishangaa kwa dhati. "Lakini Inspekta, Mzee anakuja kila siku. Maabara pia anakwenda. Kila mtu anampisha. Hilo nalo ni la kuhesabu?"

Si la kuhesabu. Odeta mwenyewe hakulihesabu, na alikuwa na miaka kumi na tatu ya upelelezi. Alikuwa amekaa akimsubiri mhalifu, na mhalifu alipofika akamkaribisha kiti.

*

Alhamisi alijipanga. Meneja na Okumu aliwaweka nyuma ya kabati la nyaraka, ambalo sasa halikuwa na nyaraka, na kuwataka wakae kimya. Maabara iliandika sampuli 1211, Kabiga, SUMU. Odeta akakaa kwenye kiti, akaingia kwa jina lake, akasubiri.

Saa nne na nusu mlango ulifunguka taratibu.

"Shikamoo, mzee," Odeta alisema.

Hakuinuka.

"Marahaba, mwanangu." Mzee Machibya alifika mpaka mgongoni mwa kiti, akaweka mkono juu yake kama kawaida, akasubiri. Odeta alihisi mkono ule nyuma ya bega lake. Miguu yake yenyewe ilitaka kusimama. Mama yake mzazi, ambaye alimlea kwa fimbo na adabu, angeona aibu. Alishika ukingo wa meza akabaki pale pale.

Mzee alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Miguu yangu," Mzee alisema.

"Najua, mzee. Samahani. Leo sikupishi."

Mkono uliondoka kwenye kiti.

"Ulipiga taipu miaka mingapi kule ushirika?"

"Ishirini na miwili." Hakuuliza kwa nini anaulizwa. "Nilikuwa wa kwanza kwa kasi, kanda nzima."

"Na mitambo hii unaiogopa."

"Mashine ni mashine. Ukimtazama mtu begani siku tatu unajua."

Odeta aliweka karatasi mbili juu ya meza, kidole kwenye vijiti. Mzee aliinama. Alivisoma kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekutwa na kitu chake mwenyewe alichokipoteza zamani.

"Inakataa mara ya kwanza kila siku," alisema. "Nikadhani ni mbovu. Nikirudia polepole, nikitafuta kila namba kwa macho, inakubali."

"Kabiga ni kwenu?"

"Ni kwetu. Kaya mia tatu, mayu, mama yangu. Mwalo ukifungiwa wiki mbili, watoto wanalala njaa wiki mbili, kwa sababu kichupa cha maji kimebadilika rangi! Vichupa hivyo mimi sikuviamini. Sisi tumekula samaki wa pale tangu mababu. Hata wale waliosemwa wana sumu nilikula mwenyewe, nyumbani kwangu, na mke wangu. Niko hapa."

"Watu wawili wa Sengerema hawako."

"Msibani kuna vyakula vingi."

"Usinidanganye, mzee. Usijidanganye."

Mzee aliizungusha kofia mikononi.

"Na Teodora?" Odeta aliuliza. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Kila siku unaniuliza habari zake. Mtoto wake ananyonyea sakafuni kituoni! Kesho anakwenda Butimba kwa neno uliloandika wewe."

"Nilijua mtamwachia." Macho ya Mzee yalikuwa yamejaa maji. "Hana kosa. Asiye na kosa anaachiwa. Nilisema nisubiri tu, wataona wenyewe hana kosa."

"Tungeona wapi, mzee, na wewe ulikuwa unaandika kwa majina ya watoto wako?"

Hapo ndipo Machibya alipotafuta pa kukaa, na hapakuwa na pengine. Odeta aliinuka. Hakumpa kile kiti. Alikwenda akaleta kigoda cha Okumu kutoka pembeni, akamwekea, akamshika mkono mpaka akaketi. Kisha akawaita waliokuwa nyuma ya kabati.

*

Afande Chenge alisoma maelezo kituoni, bado yakiwa kwenye taipureta, akiwa ameinama begani kwa Odeta.

"Umemaliza vizuri," alisema. "Ila toa hapa jina lako. Andika 'kwa kutumia jina la mtumishi mmoja.' Wakili wa Machibya akiona ni wewe uliyempisha, atakutafuna mahakamani. Na mkoa watauliza inspekta gani huyu anayemwachia mtuhumiwa meza yake."

"Nikilitoa langu, afande, inabaki la Hellen na la Teodora. Watauliza wao kwa nini waliachia kiti, na hakuna atakayeelewa."

"Cheo chako hicho."

"Najua."

Chenge alimtazama, akaguna, akaenda zake. Odeta alirudisha vidole kwenye vitufe. *Jumatano, tarehe l7 Novemba l999, mimi, Inspekta Odeta Kashindye, niliinuka na kumpisha mtuhumiwa kiti changu bila kujitoa kwenye kompyuta.* Alizitazama eli zake zilivyosimama, akaivuta karatasi, akaisaini.

Kisha akachukua funguo akaenda mahabusu ya wanawake. Ilikuwa zamu ya mchana ya mtoto kunyonya. Teodora alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, benchi pekee la chumba kile, kichanga kifuani, na bibi amechuchumaa ukutani. Aliposikia kufuli alinyanyua kichwa, akamwona askari aliyemkamata, na mara ile ile, mtoto akiwa bado kwenye titi, akaanza kujiinua.

"Shikamoo, afande. Karibu ukae."

"Kaa," Odeta alisema. "Kaa hapo hapo, mama. Mnyonyeshe kwanza amalize. Ukimaliza unakwenda nyumbani."

Alisimama mlangoni akiwasubiri, na mlango aliuacha wazi.